Kuandaa gari la zamani kwa siku ya uwanjani

Kila tangazo la siku ya uwanjani likitoka, maswali ni yale yale. Nina Subaru Impreza ya 1999, itaweza? Nianze na egzosi au tabo (turbo) kubwa? Fundi wangu anasema gari liko sawa, kwa nini niguse breki? Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe na nikiwa nimelala chini ya magari ya watu. Leo nayaandika yote mahali pamoja.

Kwa asiyejua: siku ya uwanjani unalipa kiingilio, unaleta gari lako mwenyewe, na unaliendesha kwa kasi mahali palipofungwa, kwa vipindi vya dakika chache, bila kushindana na mtu. Hapa Kenya wengi hulionja jambo hili kwanza kwenye autokrosi (mbio fupi za vumbi) za Whistling Woods kule Stoni Athi, au kwenye mbio za kupimwa muda kama zile za Kiambu. Kanuni zinatofautiana, lakini kazi ya kuandaa gari kwa sehemu kubwa ni ile ile. Nimeandika nikifikiria lami. Panapohitaji tofauti kwa vumbi nitasema.

Gari la miaka ishirini na zaidi haliharibikii uwanjani kwa kukosa nguvu. Huharibikia huko kwa sababu ya joto. Barabarani unakanyaga breki kwa nguvu zote labda mara moja kwa wiki, lakini uwanjani unazikanyaga hivyo kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, na injini inazunguka kwa kasi ya juu muda wote. Kila kitu kilichokuwa kimechoka kimyakimya hujitokeza ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo pesa zako za kwanza ziende kwenye breki, maji, oili na matairi. Nguvu ije mwisho, na kwa mwaka wako wa kwanza haihitajiki kabisa.

Na usione haya kuhusu umri wa gari. Joginder Singh, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alishinda Safari Rally ya 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 ya mtumba, iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Gari lililokaguliwa na mtu makini hufika.

Kabla hujaanza

Jipe wiki tatu. Ukianza Alhamisi kwa ajili ya Jumapili, spea moja ikikosekana utajidanganya kwamba ile ya zamani bado ina maisha. Tafuta hivi kwanza:

- Kitabu cha gari lako au nakala yake, kwa ajili ya vipimo
- Jeki ya toroli na stendi mbili imara (mawe na rimu kuukuu si stendi)
- Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), hata ya kuazima
- Geji ya upepo ya kwako mwenyewe
- Mafuta ya breki ya DOT 4, lita 1, chupa zikiwa bado na lakiri
- Oili ya kubadilisha, filta, na lita 1 ya akiba
- Kulanti, kofia mpya ya rediata na klipu za paipu za maji
- Pedi za mbele, seti mbili
- Kofia ya kichwani inayokubaliwa na waandaaji
- Kizimamoto cha unga, hooku ya kuvutia gari na kamba yake
- Chaki, tepu, waya, tochi, glovu na maji ya kunywa

Ukienda kununua spea, iwe Kirinyaga Road Nairobi au Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, beba ile ya zamani mkononi. Neno "Subaru" au "Corolla" peke yake halimtoshi muuzaji. Mwaka, namba ya chasisi na namba ya injini ndivyo vitakavyokuokoa safari ya pili. Pedi na filta za bei ya kushangaza ziache dukani. Kiti cha plastiki feki kitavunjika ukiwa umekalia sebuleni. Pedi feki itaachana na bamba lake ukiwa unaikaribia kona.

Piga simu kwa bima yako pia. Mikataba mingi ya kawaida huondoa mashindano na mwendo wa kupimwa muda. Ni bora ujue sasa kwamba ukigonga ukuta gharama ni yako.

Hatua ya 1: Osha, kisha angalia

Osha injini na sehemu ya chini ya gari. Ziba alteneta na viungo vya umeme kwa nailoni, usielekeze maji ya presha huko. Kisha endesha siku mbili kama kawaida, halafu lala chini na tochi. Injini safi haifichi kitu. Ukiona oili mpya kwenye gaskiti ya kava ya valvu, kwenye sili ya krenki au kwenye paipu ya tabo, irekebishe. Oili ikidondokea egzosi ya moto huwaka, na ikidondoka kwenye lami, gari la nyuma yako ndilo litakaloteleza.

Hatua ya 2: Vinavyoshika magurudumu

Inua gari, liweke kwenye stendi. Shika tairi juu na chini, litikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, shuku beringi ya gurudumu au bolijointi. Likicheza kushoto na kulia kwa magurudumu ya mbele, shuku tairodi. Mtu mmoja atikise, mwingine aangalie nyuma ya gurudumu ni nini kinachosogea. Bushi za mikono ya mbele zikiwa zimepasuka, badilisha. Gari litatangatanga ukifunga breki, nawe utadhani hujui kuendesha.

Shokabsoba zinazovuja zinatosha kukuweka nyumbani. Baada ya kubadilisha chochote hapa, nenda ukafanye alaimenti. Mwombe fundi akurudishie vipimo vya kiwandani na upate karatasi yenye namba. Kambere (mwinamo wa gurudumu) za pembe kali ziache kwa walioshaanza kuyasoma matairi yao.

Hatua ya 3: Breki

Hapa chukua muda wako wote. Mara yangu ya kwanza niliambiwa gereji kwamba breki ziko vizuri kwa sababu pedi zilikuwa nene. Mzunguko wa nne pedali ilizama hadi chini. Pedi zilikuwa nene kweli. Mafuta ndiyo yaliyochemka, kwa sababu yalikuwa meusi na ya miaka isiyojulikana.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Kwa viwango vya DOT, DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 na DOT 4 kuanzia 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 140 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama puto, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pedi. Ndiyo maana kuongezea juu ya mafuta ya zamani hakusaidii. Lazima yatoke yote.

Fanya hivi:

1. Fungua magurudumu yote manne. Pima unene wa pedi. Zikiwa chini ya milimita 6 za kitambaa (sehemu inayosugua diski), weka mpya. Kitambaa kilichobaki kinaweza kukufikisha kazini miezi mitatu, lakini uwanjani kinaweza kuisha mchana mmoja.
2. Angalia diski. Ukingoni au kwenye kikombe chake pana namba ya unene wa chini kabisa. Iliyo chini ya hapo, au yenye ufa unaofika ukingoni, itupe. Nywele za ufa zisizofika popote zinavumilika.
3. Toa pini za kalipa, zisafishe, zipake grisi ya breki. Pini iliyoganda hufanya pedi ya upande mmoja iliwe yote na ya pili ibaki mpya. Kama mpira wa pistoni umechanika, nunua kifurushi cha kurekebisha kalipa.
4. Kagua paipu za mpira. Mwambie mtu akanyage breki nawe uishike paipu. Ikivimba mkononi, badilisha zote.
5. Nyonya mafuta ya zamani kwenye chupa kuu kwa sirinji, jaza mapya, kisha toa upepo gurudumu moja baada ya jingine. Katika magari mengi unaanza na lililo mbali zaidi na silinda kuu, lakini baadhi ya Subaru zina mpangilio wao, kwa hiyo fuata kitabu. Mwenzako anakanyaga, wewe unafungua nipo (skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa), mafuta yanatoka, unafunga nipo, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya.
6. Endelea mpaka mafuta yatoke safi bila povu. Usiiache chupa kuu ikauke hata mara moja.
7. Zoesha pedi mpya kwenye barabara tulivu: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 20, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe.

Onyo: usinunue DOT 5 ukidhani ni "bora kuliko 4". Ile ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine. DOT 5.1 ndiyo ya familia moja na DOT 4. Na mafuta ya breki yanababua rangi, kwa hiyo weka maji karibu.

Wengi huuliza kuhusu diski kubwa na kalipa za pistoni nne. Sijawahi kumwona mgeni aliyezihitaji siku ya kwanza. Mafuta mapya, pedi nzuri na kalipa zisizoganda zitakuchukua mbali sana.

Hatua ya 4: Maji ya injini

Swali langu la kwanza kwa kila anayeniletea gari: temostati ipo? Nusu ya safari jibu ni "fundi aliitoa, ilikuwa inachemsha." Irudishe. Kwenye injini nyingi za Toyota na Subaru, temostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rediata, na pale unapohitaji ubaridi zaidi ndipo unapoukosa. Aliyeitoa alificha ugonjwa mwingine: rediata iliyoziba, feni iliyokufa, au kofia isiyoshika presha.

Kofia hiyo ni kitu kidogo lakini huku juu ina uzito. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemkia kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, wakati Mombasa huchemkia 100. Kofia nzima ya bari 1.1 hukipandisha kiwango hicho zaidi ya 115. Iliyochoka springi inakurudisha karibu na pale pale pa chini, na injini yako hufanya kazi kati ya 85 na 95. Unaona jinsi nafasi ilivyo ndogo.

1. Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga maji yote. Kama yametoka kama chai ya rangi, suuza mara kadhaa hadi yawe meupe.
2. Bonyeza paipu zote. Iliyovimba, iliyolainika karibu na klipu au inayopasuka ukiikunja, ibadilishe.
3. Mulika rediata. Mapezi yaliyojaa matope na wadudu yaoshwe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya kawaida. Kama katikati yake inabaki baridi wakati pembeni ni moto, imeziba ndani.
4. Weka temostati mpya ya kiwango cha kiwandani, kofia mpya, na mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji safi. Maji ya mfereji peke yake hula chuma na alumini kutoka ndani.
5. Toa hewa: hita ifunguliwe mpaka mwisho, pua ya gari iinuliwe, injini izunguke mpaka feni iwake na izime mara mbili. Subaru hupenda kuficha hewa, kwa hiyo usiwe na haraka.
6. Hakikisha feni zote zinageuka, na kwamba zile plastiki za kuelekeza upepo mbele ya rediata hazikutupwa gereji.

Sindano ya joto ya dashibodi usiiamini sana. Kwa magari mengi hubaki katikati kwa masafa marefu ya joto, na ikisogea umeshachelewa. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayana OBD2 (tundu la kusomea kompyuta ya gari), kwa hiyo kisomaji cha simu hakitakusaidia. Geji rahisi ya joto la maji, na nyingine ya presha ya oili, ni ununuzi wenye maana kuliko egzosi yoyote.

Ukiona oili yenye rangi ya maziwa ya chai kwenye kifuniko, au mapovu yasiyoisha kwenye rediata, acha hapo. Hedi gaskiti ina tatizo, na gari hilo halijawa tayari.

Hatua ya 5: Oili

Badilisha oili na filta ndani ya wiki ya tukio. Kwa injini ya tabo yenye umri, sintetiki ya 5W-40 au 10W-40 ya jina linaloaminika ni chaguo salama. EJ20, injini ya Impreza nyingi, hula kati ya lita 4 na 4.5. Jaza hadi alama ya juu ya kijiti, usiizidi. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu ikavuta hewa, beringi zikakauka. Injini nyingi za Subaru zilizonoki uwanjani zilianza siku zikiwa na oili ya nusu kijiti.

Pima kila baada ya kipindi. Gari lililokuwa halili oili barabarani linaweza kula robo lita uwanjani, na hilo peke yake halimaanishi injini imekufa.

Oili ya gia na ya difu zibadilishe pia kama hukumbuki ilikuwa lini.

Hatua ya 6: Mkanda wa taiming, petroli na umeme

Kama huna risiti ya mkanda wa taiming, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kwenye EJ20 ya tabo mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni, na pampu ya maji huzungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo badilisha vyote pamoja na rola zake.

Betri ifungwe kwa bano lake halisi. Nimeona nyingi zimefungwa kwa mpira wa tyubu. Wakaguzi wataikataa, na wana haki. Funika ncha ya chanya.

Paipu za petroli za mpira zikinuka au zikiwa na nyufa, mpya. Nenda na tangi lililozidi nusu, maana kwenye kona petroli hukimbia pampu na gari likakosa pumzi. Injini za tabo zilizotengenezewa soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu, kwa hiyo mpe ile bora iliyopo kituoni, na usipandishe presha ya tabo.

Hatua ya 7: Matairi

Huna haja ya matairi ya mbio. Una haja ya manne yanayofanana, yasiyozeeka. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ya mtumba kutoka Japani yanaweza kuwa na meno marefu na mpira mgumu kama ubao. Bonyeza kwa ukucha, tazama nyufa kati ya meno. Mimi sipandi uwanjani na tairi lililozidi miaka sita.

Wenye Impreza wasikilize zaidi: gari la kuvuta magurudumu yote halitaki tairi mbili mpya na mbili zilizoisha. Difu ya katikati itafanya kazi bila kupumzika na kuungua. Mzingo wa matairi usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi.

Anza na upepo wa psi 32 wakati ni baridi, au ule wa kibandiko cha mlangoni. Ukitoka kipindi cha kwanza pima papo hapo, na uushushe ubaki kati ya 34 na 38 ukiwa moto. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye meno hadi ubavuni kabla ya kuingia. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, tairi linalala sana, ongeza. Isipofutika hata ukingo wa meno, punguza. Kwa vumbi usishuke sana, maana jiwe litabana tairi kwenye rimu.

Nati kaza kwa toki renchi gari likiwa chini: Toyota nyingi ndogo ni Nm 103, Subaru za enzi hizo ni kati ya 80 na 110. Rudia baada ya kipindi cha kwanza, rimu zikishapoa.

Hatua ya 8: Ndani ya gari

Toa kila kisichofungwa: mazulia, tairi la akiba, jeki, chupa, vitu vya mtoto, hata kalamu. Chupa ya maji ikibingirika chini ya pedali ya breki huna tena breki. Kizimamoto kifungwe kwa bano la chuma mahali mkono unafika, kama huwezi kukifunga hivyo kiache kwa wenzako pembeni.

Kofia ya bodaboda ya bei ya chini haitapita. Waandaaji wengi huangalia alama ya usalama ya ECE au Snell, na ile ya Snell yenye herufi SA imepimwa pia dhidi ya moto. Vaa pamba, mikono mirefu, viatu vyenye soli nyembamba.

Mkanda wa kiti wa kiwandani na kiti cha kiwandani vilibuniwa pamoja, viache pamoja. Mikanda ya pointi nne kwenye gari lisilo na fremu ya kinga nakuomba usiifunge. Gari likibingirika itakushikilia wima chini ya paa linaloshuka.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya siku

Endesha kilomita 100 hivi baada ya kazi yote, ukipanda mlima mrefu. Rudi, acha lipoe, kagua kiwango cha maji, oili na mafuta ya breki, na chini palipolala gari. Kitakachovuja kitavuja hapa, karibu na nyumbani. Siku tatu za mwisho usibadilishe kitu kipya.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Fika mapema kwa ukaguzi na usikilize maelezo ya bendera. Manjano: hatari mbele, punguza, usipite mtu. Nyekundu: kipindi kimesimamishwa, rudi polepole. Buluu: aliye nyuma ni mwepesi zaidi, mpishe. Nyeusi kwako: ingia, kuna jambo na gari lako au uendeshaji wako. Ya miraba myeupe na myeusi: kipindi kimeisha.

Gari la zamani lipe vipindi vya dakika kumi, hata kama umelipia ishirini. Mzunguko wa kwanza pasha moto. Mitatu au minne endesha. Wa mwisho nenda polepole bila breki, upepo upoze kila kitu. Ukisimama, usivute breki ya mkono. Pedi za moto zinaweza kuganda kwenye diski na kuichoma mahali pamoja. Weka gia, kinga gurudumu kwa jiwe, fungua boneti. Gari la tabo liache lingurume dakika moja au mbili kabla ya kulizima.

Vipindi vya asubuhi, usijipime muda. Jifunze njia, tazama mbali, funga breki mapema kuliko unavyodhani. Mengi niliyoyashuhudia ya kuacha lami yalitokea baada ya chakula cha mchana, mtu amechoka na anataka "mzunguko mmoja wa mwisho". Ukijisikia hivyo, pakia vitu.

Mambo yakienda mrama

*Pedali ya breki inakuwa laini au ndefu.* Mafuta yameanza kuchemka. Pampu kwa mguu haraka, punguza kwa gia, ingia ndani. Acha yapoe nusu saa, kisha toa upepo. Ikibaki laini, umemaliza siku.

*Pedali ni ngumu lakini gari halisimami.* Hizo ni pedi zimezidiwa na joto. Fanya mizunguko mifupi zaidi. Ikiendelea, unahitaji pedi za daraja la juu.

*Usukani unatikisika ukifunga breki.* Mara nyingi ni vumbi la pedi limejipaka kwenye diski bila usawa. Zoesha upya kama hatua ya 3. Lakini kwanza hakikisha nati hazikulegea.

*Joto linapanda.* Likifika nyuzi 105, achia pedali ya mafuta, washa hita mpaka mwisho pamoja na feni yake, zunguka polepole. Likizidi kupanda, simama mahali salama uzime. Usifungue kofia ya rediata mpaka uweze kushika paipu ya juu kwa mkono mtupu.

*Taa ya oili inawaka kwenye kona.* Punguza kasi mara hiyo hiyo, usisubiri kona inayofuata. Pima kijiti. Kama oili ipo na taa inarudi, rudi nyumbani kwa gari la kuvuta. Ukisikia mlio wa nyundo ndogo unaofuata mzunguko wa injini, zima na usiwashe tena kwa ajili ya kuwasikilizisha watu.

*Gari linakosa pumzi kwenye kona moja tu.* Ongeza petroli. Likikosa kila mahali injini ikizunguka kwa kasi ya juu, angalia plagi, koili na filta ya petroli.

*Moshi wa buluu baada ya kushuka gia.* Oili inapita, pengine sili za valvu au tabo. Pima kiwango, endesha kwa upole. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti, na hapo unasimama.

*Linateleza pua mbele kila kona.* Kagua upepo wa mbele kwanza. Ukishakuwa sawa, kwa kawaida unaingia kona ukiwa na kasi nyingi mno. Funga breki mita kumi mapema na uone.

Kabla ya kurudi nyumbani

Rudisha upepo wa matairi. Uliupunguza yakiwa moto, na yakipoa njiani yatakuwa chini mno kwa barabara kuu. Kaza nati tena, pima oili, tazama unene wa pedi kupitia tundu la kalipa. Jumatatu au Jumanne jioni inua gari, toa magurudumu, piga picha pedi, diski na kila tairi ndani na nje, na uandike kwenye daftari: vipindi vingapi, joto la juu kabisa, oili iliyoongezwa, upepo ulioanza nao na ulioishia nao. Mafuta ya breki yakiwa yameanza kubadilika rangi, yatoe tena kabla ya safari ijayo. Ukija kuniuliza swali, njoo na daftari hilo.